Injini Kubwa za Mvuke na Modeli Iliyo Sahihi

(Hotuba iliyotolewa Shighatini mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa sasa. Inachapishwa hapa kwa ombi la wajumbe waliohudhuria.)



Kamati iliponiandikia barua haikuniachia nafasi ya kuchagua jambo la kusema. Iliniambia kwamba wanafunzi wa somo la fizikia wanataka kutengeneza modeli ya injini ya mvuke, kwamba chama chetu kimekubali kuchangia vifaa vya modeli moja, na kwamba tayari wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linataka injini ya daraja la 59, ile iitwayo Shengena, kwa sababu ina jina la mlima wetu. Kundi la pili linataka daraja la 60, kwa sababu ni nyepesi na inalingana na reli za huku kwetu. Kamati iliniomba niyalinganishe madaraja hayo mawili ili uamuzi utolewe kwa hoja, na si kwa wingi wa kelele.

Mimi si mhandisi wa reli. Kazi yangu ni ya ofisini, serikalini, na injini za aina hiyo zilikuwa zimekwisha kuondolewa kazini kabla sijajua kusoma. Lakini kwa miaka mingi nimezisoma na kutengeneza modeli zake saa za mapumziko, na nimejifunza jambo moja ambalo ndilo msingi wa hotuba hii: modeli ni taarifa. Anayetengeneza modeli anamwambia mtazamaji, "Kitu hiki kilikuwa hivi." Kama kitu hakikuwa hivyo, modeli hiyo inasema uongo, hata iwe imepakwa rangi nzuri namna gani.

RELI ILIYO CHINI YA MILIMA YETU

Kwanza tukumbushane historia kwa ufupi. Njia ya reli inayopita tambarare chini ya milima ya Upare ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani. Ilikwenda polepole mno. Ilifika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Hivyo ndivyo Mkomazi, Hedaru, Makanya, Same na Lembeni zilivyopata reli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walijenga njia kutoka Voi kuja Kahe, na hapo reli yetu ikaungana na ile ya Mombasa. Mwaka 1929 reli ilifika Arusha. Mwaka 1963 ilifunguliwa njia ya kutoka Mnyusi hadi Ruvu, na ndipo reli ya Tanga ilipoungana na Reli ya Kati.

Mwaka 1948 reli za Tanganyika ziliunganishwa na zile za Kenya na Uganda kuwa shirika moja la Afrika Mashariki. Shirika hilo ndilo lililoagiza injini tutakazozizungumzia leo. Lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na kila nchi ikabaki na reli yake. Kwa hiyo mwanafunzi atakayeandika "Tanzania" au "Kenya" ubavuni mwa modeli yake lazima ajue ameichagulia mwaka gani.

Reli zote hizi zilijengwa kwa upana wa mita moja kati ya reli na reli. Shikeni kipimo hicho, maana tutakirudia.

GARRATT NI KITU GANI?

Madaraja yote mawili, la 59 na la 60, ni ya aina iitwayo Garratt. Jina hilo ni la mhandisi Mwingereza, Herbert William Garratt, aliyeibuni katika mwongo wa kwanza wa karne iliyopita. Injini za kwanza za aina hiyo, mbili tu na ndogo, zilijengwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester mwaka 1909 kwa ajili ya kisiwa cha Tasmania.

Shida aliyotaka kuitatua Garratt ni hii. Injini yenye nguvu inahitaji boila kubwa na magurudumu mengi. Lakini injini ndefu haipindi kona, na injini nzito inavunja reli. Garratt akaigawa injini sehemu tatu. Mbele kuna gari lenye magurudumu na silinda zake, na juu yake tenki la maji. Nyuma kuna gari la pili, nalo lina magurudumu na silinda zake, na juu yake tenki la mafuta na maji. Katikati, kama kitanda kilichoning'inizwa baina ya miti miwili, kuna boila na chumba cha dereva. Kila gari linageuka kwenye egemeo lake. Injini ikiingia kwenye kona, gari la mbele linafuata reli, la nyuma linafuata reli, na boila linakatisha kwa ndani.

Faida yake mnaiona. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, boila linaweza kuwa nene na fupi, na sanduku la moto linaweza kushuka chini na kupanuka. Uzito nao unagawanywa kwa ekseli nyingi.

Nawaonya wanaopenda kuangalia picha tu: si kila injini yenye makundi mawili ya magurudumu ni Garratt. Ile ya Marekani iitwayo Big Boy ina makundi mawili pia, lakini boila lake limelala juu ya makundi yote mawili, na maji na mafuta yake yanavutwa nyuma katika gari la peke yake. Ukianza modeli ya Garratt kwa mfumo wa Big Boy, utaharibu mabati yako siku ya kwanza.

DARAJA LA 59

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mizigo ilirundikana katika bandari ya Mombasa kuliko reli ilivyoweza kuibeba. Shirika likaagiza Manchester injini 34 za daraja la 59, zikafika mwaka 1955 na 1956. Zilipewa nambari 5901 hadi 5934, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki: Kenya, Kilimanjaro, Meru, Elgon, na kadhalika.

Mpangilio wa magurudumu yake huandikwa 4-8-2+2-8-4. Maana yake, tukianzia mbele: magurudumu 4 madogo ya kuongoza, 8 makubwa ya kuvuta, 2 madogo, kisha nyuma hesabu hiyo inarudi kinyume. Jumla ni magurudumu 28, na katika hayo 16 ndiyo yanayovuta.

Urefu wake wote ni mita 31.7. Uzito wake ikiwa na maji na mafuta ni tani 256 hivi. Magurudumu ya kuvuta yana kipenyo cha futi 4 na inchi 6, yaani milimita 1,372. Boila lina kipenyo cha futi 7 na inchi 6, yaani milimita 2,286. Hebu fikirini: boila lenye unene unaozidi mara mbili ya upana wa njia linayosafiria! Injini hizi zilichoma mafuta mazito, wala si makaa ya mawe. Zilivuta treni za tani 1,200 kutoka Mombasa ufukweni hadi Nairobi, kilomita 530 hivi, na njia inapanda hadi mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari. Makundi mawili ya wafanyakazi yalisafiri nazo, moja kazini na jingine likipumzika katika behewa lake.

Hizo ndizo injini za mvuke zenye nguvu kupita zote zilizopata kujengwa kwa njia ya mita moja, popote duniani. Lakini sentensi hiyo ina mkia, na mkia usikatwe. Nimewasikia vijana wakisema "kubwa kuliko zote duniani". Si kweli. Big Boy, ambazo 25 zilijengwa kati ya mwaka 1941 na 1944, zina urefu wa mita 40 pamoja na gari lake la maji, na nguvu ya kuvuta ya ratili 135,375. Afrika ya Kusini ilikuwa na Garratt nane za daraja la GL, za mwaka 1929 na 1930, ambazo nguvu yake iliizidi kidogo ile ya 59. Ila Big Boy ilikanyaga njia ya milimita 1,435, na GL ilikanyaga njia ya milimita 1,067. Sifa ya 59 ni kufanya kazi hiyo juu ya milimita 1,000. Sifa ya kweli inatosha. Haihitaji kuongezewa chumvi.

DARAJA LA 60

Daraja la 60, ingawa nambari yake ni kubwa zaidi, lilitangulia kufika. Injini zake 29, nambari 6001 hadi 6029, zilikuja mwaka 1953 na 1954. Kiwanda cha Manchester kilipewa zabuni yote, lakini 12 za kwanza kilizikabidhi kwa kiwanda cha Franco-Belge kule Ufaransa, na 17 zilizobaki kikazijenga chenyewe.

Mpangilio wake ni ule ule, 4-8-2+2-8-4. Hapo ndipo wengi hunaswa. Wanahesabu magurudumu, wanaona yanalingana, wanadhani ni injini moja. La hasha. Magurudumu ya kuvuta ya 60 yana kipenyo cha futi 4 tu, yaani milimita 1,219. Boila ni jembamba zaidi, silinda ni ndogo zaidi. Ekseli yake inakandamiza reli kwa tani 11 hivi, wakati ekseli ya 59 inakandamiza kwa tani 21. Daraja la 59 lilikuwa mfalme wa barabara kuu. Daraja la 60 lilikuwa mtumishi aliyetumwa kwenye njia za reli nyepesi, ambako mfalme hakuweza kukanyaga.

Injini hizi zilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Baadaye, uhuru ulipopatikana, vibao hivyo viling'olewa vyote. Kwa hiyo anayetengeneza 60 ya mwaka 1955 lazima aweke kibao cha gavana, apende asipende, na anayetengeneza 60 ya mwaka 1970 hana ruhusa ya kuweka kibao chochote.

HESABU YA NGUVU

Wanafunzi, toeni kalamu. Nguvu ya kuvuta si jambo la kukisia. Chukua kipenyo cha silinda kwa inchi, kizidishe kwa chenyewe. Zidisha kwa urefu wa mwendo wa pistoni. Gawanya kwa kipenyo cha gurudumu la kuvuta. Zidisha kwa presha ya mvuke. Chukua asilimia 85 ya jibu, kwa kuwa presha yote haifiki kwenye pistoni. Hiyo ni nguvu ya silinda mbili. Garratt zetu zina nne, basi zidisha kwa 2.

Daraja la 60: silinda ni inchi 16, mwendo inchi 24, gurudumu inchi 48, presha ratili 200 kwa inchi ya mraba. Kumi na sita mara kumi na sita ni 256. Mara 24 ni 6,144. Gawanya kwa 48, unapata 128. Mara 200 ni 25,600. Asilimia 85 yake ni 21,760. Mara 2 ni ratili 43,520.

Daraja la 59: silinda ni inchi 20.5, mwendo inchi 28, gurudumu inchi 54, presha 225. Fanyeni wenyewe. Mkipata ratili 83,350 au karibu sana na hapo, mmepatia. Ni karibu mara mbili ya 60, kwa idadi ile ile ya magurudumu.

Nimeirefusha hesabu hii kwa makusudi. Mwanafunzi akishaifanya kwa mkono wake hatasahau tena kwamba tofauti ya gurudumu la inchi 48 na la inchi 54 si ya sura tu. Injini nzima imejengwa kuzunguka tofauti hiyo.

KUCHAGUA SKELI

Sasa tuje kwenye karakana. Skeli ni uwiano, na uwiano ukishachaguliwa hauna huruma: kila kitu kinagawanywa kwa tarakimu ile ile. Hapa njia ya mita moja inatupa urahisi, kwa maana milimita 1,000 zinagawanyika bila kuumiza kichwa.

Tukitumia uwiano wa 1 kwa 87, ambao unapendwa sana duniani, njia inakuwa milimita 11.5, na wauza vifaa huuza reli za milimita 12. Injini ya 59 itakuwa na urefu wa sentimita 36.5. Inapendeza, lakini ribiti na mabomba yake yanahitaji zana ambazo hatunazo, na macho ya sonara.

Tukitumia 1 kwa 22.5, njia inakuwa milimita 44.4, na zipo reli za milimita 45. Lakini Shengena itakuwa na urefu wa mita 1.41.

Katikati kuna 1 kwa 45. Njia inakuwa milimita 22.2, na reli za milimita 22.5 zinapatikana. Injini inakuwa sentimita 70.5, inakaa juu ya dawati. Gurudumu la kuvuta la 59 linakuwa milimita 30.5, na la 60 milimita 27. Tofauti hiyo ya milimita 3 na nusu inaonekana kwa macho, na inapimika hata kwa rula ya darasani. Boila la 59 linakuwa milimita 51 juu ya njia ya milimita 22. Hapo mtoto wa kidato cha kwanza ataona mwenyewe maajabu niliyokuwa nikiyasema.

Msisahau uzito. Urefu unagawanywa kwa 45, lakini uzito unagawanywa kwa 45 mara 45 mara 45, yaani 91,125. Tani 256 zinakuwa kilo 2.8. Kwa uwiano wa 1 kwa 22.5, ambako urefu ni mara mbili tu, uzito unakuwa mara nane, kilo 22 na nusu. Anayedhani kwamba modeli yenye urefu mara mbili itakula vifaa mara mbili atafilisi chama. Napendekeza 1 kwa 45.

MITEGO YA WATENGENEZAJI

Nitaitaja mitego mitano, halafu nifike kwenye uamuzi.

Kwanza, rangi. Katika miaka ambayo wengi wanaikumbuka, injini za Afrika Mashariki zilipakwa rangi ya damu ya mzee. Si nyekundu ya bendera, wala si kahawia ya udongo. Changanyeni, pakeni kwenye kipande cha bati, kiangalieni juani kabla ya kupaka injini.

Pili, dohani. Hapo baadaye injini za 59 ziliwekewa mtambo wa kutolea moshi uliobuniwa na Giesl wa Austria, na dohani yake ni bapa, nyembamba ukiitazama kwa mbele. Kabla ya hapo dohani ilikuwa ya duara. Chagueni mwaka, kisha chagueni dohani. Dohani ya mwaka mmoja na kibao cha mwaka mwingine ni kama mtu kuvaa kiatu cha kulia na ndara ya kushoto.

Tatu, mafuta. Msimwage chembe za makaa juu ya tenki la nyuma kwa ajili ya urembo. Injini hizi hazikuchukua makaa.

Nne, kona. Modeli ya Garratt inapinda vizuri kuliko modeli nyingine za urefu wake, lakini katikati ya boila inaingia ndani ya kona, na matenki yanatoka nje. Kama kuna nguzo au ukuta wa stesheni karibu na reli, jaribuni kwanza kwa kipande cha ubao chenye urefu ule ule.

Tano, picha. Picha moja ni shahidi mmoja. Tafuteni picha ya ubavu wa kulia, wa kushoto, mbele na nyuma, za nambari ile ile. Injini za daraja moja hazikubaki sawa baada ya miaka 20 ya matengenezo.

UAMUZI

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwenye mgogoro wenyewe.

Injini nambari 5930 iliitwa Mount Shengena. Shengena ni kilele kirefu kuliko vyote katika Upare, kule Chome, wilaya ya Same, mita zaidi ya 2,400 juu ya bahari. Kati ya injini 34 za daraja la 59, zilizobaki ni mbili tu, na zote mbili ziko katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Moja ni 5918, Mount Gelai, na nyingine ni hiyo 5930. Gelai ni mlima ulio karibu na Ziwa Natron. Kwa hiyo wakubwa wawili waliosalia, wote wamebeba majina ya milima iliyomo Tanzania. Ni wangapi kati yenu mlikuwa mkijua? Mlima wetu umeandikwa kwa shaba ubavuni mwa mojawapo ya injini kuu za bara hili, nasi tunapita chini yake kwa basi bila kuwa na habari.

Hilo linawapa nguvu kundi la kwanza. Lakini niliambiwa kwamba wanakusudia kuiweka modeli ya Shengena katika stesheni ya Same, na milima nyuma yake, na kibao kisemacho kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hapo nakataa. Kazi ya daraja la 59 ilikuwa njia kuu ya Mombasa na Nairobi. Kwa tani 21 kila ekseli, reli nyepesi za njia ya Tanga hazikuwa zake. Mlima uko kwetu. Injini haikupita kwetu. Tukiiweka Same tutakuwa tumemdanganya kila mtoto atakayeingia katika chumba hicho kwa miaka 30 ijayo, na atasadiki, kwa sababu ataiona kwa macho yake.

Kundi la pili nao wana haki kwa jambo la uzito wa ekseli, lakini wasidhani kwamba hiyo peke yake inatosha. Kwamba injini inaruhusiwa kupita mahali si ushahidi kwamba ilipita. Kabla ya kuiweka nambari fulani ya daraja la 60 katika stesheni fulani, leteni picha, au leteni maneno ya mzee aliyefanya kazi ya reli, yaliyoandikwa pamoja na mwaka na mahali. Wazee hao wapo Hedaru, wapo Makanya, wapo Same na Lembeni, nao wanapungua kila mwaka. Kazi ya kuwahoji haihitaji mchango wa chama. Inahitaji daftari, kalamu na adabu ya kusikiliza, na isingojee modeli imalizike.

Basi ushauri wangu ni huu. Fedha za modeli moja zitumike kutengeneza 5930, kwa uwiano wa 1 kwa 45, isiyokuwa na mota, juu ya kipande cha reli kilichonyooka, bila stesheni na bila milima. Sababu yangu si fahari peke yake. Injini yenyewe ipo, inagusika, na inapimika. Wanafunzi wawili na mwalimu mmoja wakienda Nairobi na futi kamba, watarudi na vipimo ambavyo hakuna kitabu kitakachowapinga. Mbele yake kiwekwe kibao chenye maneno machache: jina la injini, mahali ilipojengwa, mwaka, njia iliyofanyia kazi, na kwamba haikuwa injini ya njia ya Tanga. Nafasi ya stesheni ya Same iachwe wazi, ingojee daraja la 60 au injini nyingine yoyote ambayo mahojiano ya wazee yatathibitisha. Ubao mtupu wenye maneno "Tunaendelea kutafiti" hauaibishi shule. Unaifundisha.

Wapo watakaosema: haya ni mambo ya chuma kilichokufa, vijana wajifunze kompyuta. Nawajibu kwamba sisi Ugweno hatukuanza jana kujua chuma. Kabla ya reli, kabla ya Mjerumani, ukoo wa Washana ulikuwa ukiyeyusha na kufua chuma katika milima hii, na majembe na silaha zao zikauzwa mpaka Uchagani. Mhunzi aliyekosea kipimo cha jembe alirudishiwa jembe lake. Tabia hiyo ya kupima, kupima tena, na kukubali kusahihishwa ndiyo inayotakiwa kwa mhandisi, kwa daktari, kwa mhasibu, na kwa sisi tunaoandika taarifa za serikali. Mwaka 2019 treni za abiria zilirudi tena katika njia ya Moshi, baada ya miaka mingi ya reli kuota majani. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza safari kutoka Dar es Salaam katika reli ya milimita 1,435. Nchi inawahitaji vijana wanaoweza kutofautisha milimita 27 na milimita 30 na nusu, na wasione kwamba ni kitu kile kile.

Kwa wanachama wenzangu nina ombi moja. Shule haihitaji modeli ya kununuliwa, iliyokuja katika sanduku. Inahitaji tupa, misumeno ya chuma, vifaa vya kulehemu, mabati ya shaba, na vipimo viwili au vitatu vya kupimia milimita na sehemu zake. Mwenye navyo nyumbani, vimelala, avilete. Mwenye gari linalokwenda Nairobi kwa shughuli zake, awape vijana wetu nafasi. Mwenye baba au mjomba aliyefanya kazi ya reli, awafungulie mlango.

Nanyi wadogo zetu, modeli hiyo itakapokwisha, ataweza kuja mtu na kuuliza: "Mna hakika gurudumu hili ni sawa?" Msimwonyeshe picha ya modeli. Mwonyesheni daftari la vipimo.